Mkulima anayejitengenezea gari ahesabu spana kabla ya kuhama chapa

KATIKA vijiji vingi vya mikoa ya Arusha, Manyara na Iringa bado wapo wakulima na wafanyabiashara wadogo ambao gari lao la kubebea mazao halipelekwi gereji. Mwenye gari ndiye fundi. Hakupita chuo cha ufundi wala hakuwa saidia fundi kwa mtu. Alijifunza kwa kulala chini ya gari lake mwenyewe siku ya Jumapili, akifungua kilichogoma, akikisafisha na kukirudisha, na mara nyingine akibakiwa na nati moja mkononi asijue imetoka wapi. Wengi wa watu hawa walianzia kwenye Land Rover, ama ile ya zamani ya 109, ama 110 iliyonunuliwa kwenye mnada wa mradi uliofunga shughuli zake.

Sasa wanahama, mmoja mmoja. Land Rover iliyotambulishwa mwaka 1948 ilidumu kwa umbo lile lile la msingi hadi Januari 2016, pale Defender ya mwisho ya aina hiyo ilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza. Defender mpya iliyotambulishwa mwaka 2019 imechukua jina tu. Ni gari la fahari lenye kompyuta kila kona, na bei yake haina uhusiano wowote na debe la mahindi. Kwa hiyo mkulima ambaye gari lake limechoka na anataka lenye umri mdogo kidogo hana pa kwenda ndani ya chapa aliyoizoea. Anaangalia Hilux, anaangalia Land Cruiser ya mkonga, na mwenye mzigo mdogo anaangalia kirikuu.

Tatizo ni kwamba uamuzi huu hujadiliwa vijiweni kama mechi ya Simba na Yanga. Huyu anasema Land Rover ni chuma, yule anasema Toyota haifi. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 na kukusanya magari hayo kwa mamia lilionyesha jinsi mapenzi ya chapa hii yalivyo na mizizi. Mapenzi hayana ubaya, lakini hayabebi matenga ya nyanya. Kwa mtu anayejitengenezea gari mwenyewe, kuhama chapa ni suala la mtaji, na sehemu kubwa ya mtaji huo haiandikwi kwenye kadi ya gari.

Mtaji wa kwanza ni spana. Land Rover za zamani zilifungwa kwa bolti za vipimo vya Kiingereza, na ndiyo maana sanduku la mwenye 109 limejaa spana za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 3/4. Toyota imefungwa kwa milimita. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba hata ndani ya milimita, Wajapani wana utaratibu wao. Bolti ya unene wa milimita 8, ambayo kwenye magari mengi ya Ulaya hufunguliwa kwa spana namba 13, kwenye Toyota hufunguliwa kwa namba 12. Ile ya milimita 10, ambayo Ulaya hutumia namba 17, Toyota hutumia 14. Mtu akinunua seti ya spana bila kuuliza atajikuta na 13 nzuri inayong'aa ambayo ataitumia mara chache sana, huku akiwa na 12 moja inayotakiwa kila dakika. Fundi wa Toyota huhitaji 10, 12, 14, 17 na 19, na ni vema za 10, 12 na 14 zikawa mbilimbili, kwa sababu mara nyingi moja hushika nati na nyingine hushika kichwa cha bolti.

Kishawishi kinachowaponza wengi ni kutumia spana za zamani "kwa muda". Spana ya 1/2 ni milimita 12.7. Ukiiweka kwenye nati ya 12 itaingia, itashika kidogo, kisha itateleza na kula pembe. Ile ya 9/16 ni milimita 14.3, na juu ya nati ya 14 iliyokaa vizuri inaweza kufanya kazi, lakini juu ya nati yenye kutu ni balaa. Nati ikishaliwa pembe, kazi ya dakika 10 inakuwa ya kuita mtu wa kulehemu. Hata bisibisi ya nyota ni vivyo hivyo. Skrubu za Kijapani zina mkato wao, na bisibisi ya kawaida hupenda kuruka na kuchimba kichwa, hasa kwenye vifaa vya breki na kwenye kabureta za injini za petroli.

Mtaji wa pili ni maarifa, na huu ndio mkubwa zaidi. Mtu aliyekaa na 109 miaka 15 hahitaji kitabu. Akisikia mlio anajua ni beringi ya gurudumu au ni difu. Anajua nafasi ya valvu ni elfu 10 za inchi, anapima kwa fila geji na kurekebisha kwa bisibisi na spana moja, kazi ya nusu saa. Akihamia Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda 6 yenye lita 4.2 iliyoanza kutolewa mwaka 1990, atakuta hakuna skrubu ya kurekebisha. Kuna visahani vidogo vya chuma juu ya valvu. Inabidi apime nafasi, atoe kisahani, apime unene wake kwa maikromita, apige hesabu, kisha atafute kisahani cha unene unaotakiwa. Haishindikani. Ila ni kazi ya siku nzima, na kisahani chenyewe huenda kiko mjini.

Mfano mwingine ni mkanda wa taimingi. Injini ya zamani ya Land Rover ya lita 2.25 inatumia cheni, na mwenye nayo anaweza kuzeeka bila kuifikiria. Dizeli za Toyota zilizo nyingi vijijini, yaani 2L, 3L, 5L na hata hiyo 1HZ, zinatumia mkanda wa mpira. Nyingi zina taa kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT ambayo huwaka gari linapofikisha kilomita 100,000, ikimtaka mwenye gari abadilishe mkanda. Kwa gari la mtumba taa hiyo si ya kuaminiwa, kwani aliyetangulia anaweza kuwa aliizima bila kugusa mkanda, na namba za kilomita nazo hurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga valvu na injini inakuwa ya kufunguliwa yote. Mkulima anayehama ahesabu mkanda mpya na rola yake kama sehemu ya bei ya kununulia gari. Asisubiri.

Kuna mambo ambayo mwenye Land Rover atayakosa, na ni haki yasemwe. Hafu shafti ya nyuma ya Land Rover ni dhaifu ikizidiwa mzigo, lakini ikivunjika huchomolewa barabarani kwa kufungua bolti chache, gurudumu likiwa limekaa palepale, kwa sababu uzito wa gari haubebwi na shafti. Kwenye Hilux nyingi shafti ya nyuma inabeba pia uzito, na beringi yake imeshindiliwa juu yake kwa presi. Oili sili ikianza kuvuja, oili huingia kwenye breki, na kuibadilisha beringi kunahitaji mashine ambayo haipo kijijini. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haili kutu kama bati la pikapu ya Kijapani, ingawa chesisi yake ya chuma huoza kimyakimya huku bodi ikibaki nzuri na kumdanganya mnunuzi. Anayesema Toyota ni bora kwa kila kipengele hajawahi kuifungua.

Pamoja na hayo yote, kwa mkulima ambaye gari ni sehemu ya biashara, hesabu mara nyingi inaelekea upande wa kuhama. Sababu yake haihusiani sana na ubora wa chuma. Ni siku ambazo gari limesimama.

Mtu anayejitengenezea gari ana tabia ya kuhesabu alichookoa kwa fundi na kusahau alichopoteza kwa kusubiri. Chukua mfano wa mkulima wa nyanya wa Ilula ambaye pikapu yake hutoa matenga shambani na kuyafikisha barabara kuu kwa wanunuzi. Mfano huu ni wa kufundishia tu, kila mmoja aweke namba zake. Gari limekufa klachi Jumatatu. Yeye mwenyewe anaweza kuibadilisha kwa siku moja na nusu, na atakuwa ameokoa pengine Sh 80,000 za fundi. Lakini klachi pleti ya gari lake haipo Ilula, haipo Iringa, imeagizwa Dar es Salaam, ikaja isiyo yenyewe, ikarudishwa. Gari limerudi barabarani Jumatatu iliyofuata. Katika siku hizo 7 amekodi gari la jirani mara 3 kwa Sh 50,000 kila safari, na matenga 20 yameiva kupita kiasi yakauzwa kwa bei pungufu ya Sh 10,000 kila moja. Jumla ni Sh 350,000 zilizokwenda. Hapo ndipo ufundi wake ulipookoa Sh 80,000.

Kama gari lingekuwa la aina iliyojaa wilayani, klachi pleti ingepatikana siku hiyohiyo, na pengine kwa mkopo, kwa kuwa muuza spea anajua ataiuza nyingine wiki ijayo. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya Toyota nchini. Muuza spea mdogo wa wilayani hana mtaji wa kuweka mali inayokaa rafuni miaka miwili, hivyo anaweka kinachotoka. Kadiri magari ya aina moja yanavyokuwa mengi, ndivyo spea zake zinavyokaa karibu, na kadiri zinavyokaa karibu ndivyo watu wengi zaidi wanavyonunua aina hiyo. Anayebaki na gari la peke yake analipia upweke huo kwa siku za kusubiri.

Ndiyo maana ushauri wa "nunua Toyota" haujakamilika. Inunuliwe ipi? Swali la kujibu kabla ya kwenda bandarini au kwa wakala ni gari gani linapita mbele ya nyumba kila siku. Kama kata nzima ina Hilux za 3L na 5L, hiyo ndiyo, hata kama mtandaoni kuna nyingine iliyo nzuri zaidi kwa bei hiyohiyo. Kama wenyeji wote wanatumia Canter, basi Mitsubishi ni jibu sahihi kwao na Toyota ni kosa. Mtu asinunue injini ambayo hana wa kumuuliza.

Hapa inabidi suala la injini za kisasa litazamwe kwa makini, kwa sababu ndipo fundi wa kujifunza anapoumia. Hilux za kuanzia miaka ya 2004 na 2005, zile zinazoitwa Vigo, zilikuja na dizeli za D-4D ambazo nozeli zake zinaendeshwa na umeme na mafuta yake yamebanwa kwa msukumo wa zaidi ya bar 1,000. Zinakula mafuta kidogo na zina nguvu. Lakini ule ujanja wa siku zote wa kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma, ili kujua silinda ipi haichomi, hapa ni marufuku. Mafuta yakitoka kwa msukumo huo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano laweza kumpoteza mtu mkono. Aidha nozeli hizi hazivumilii uchafu. Uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ulioanza nchini mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa kupandishwa mwaka 2011, vilipunguza uchakachuaji, ila dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara ina vumbi na maji yake. Dizeli ya 3L itakohoa na kuendelea. D-4D itadai nozeli mpya, na bei ya nozeli 4 humfanya mtu akae chini.

Kwa hiyo anayetaka kuendelea kujitengenezea abaki kwenye injini za pampu ya kawaida, na akubali kwamba gari litakuwa la zamani kidogo. Kati ya hizo aiogope 2L-T, yenye tabo, ambayo imejijengea sifa ya kupasuka silinda hedi ikichemka. 3L na 5L hazina makuu. Anayetaka D-4D kwa sababu ya safari ndefu na mafuta anafanya uamuzi halali pia, mradi ajue kwamba siku hiyo ameacha kuwa fundi wa injini na amebaki fundi wa breki, bushi na shokapu, na aweke bajeti ya mtu mwenye mashine ya kupimia.

Wapo waliochagua njia ya katikati, yaani bodi na chesisi ya Land Rover, injini ya Kijapani ya mtumba. Kazi hii inapendwa na mafundi kwa sababu inapendeza kuifanya. Kama shughuli ya kujifurahisha haina neno. Kama mpango wa biashara ina walakini, maana injini itapata spea kirahisi lakini difu, hafu shafti na breki zitabaki za chapa ileile ya zamani, na kipande cha kuunganisha injini na gia boksi kimechongwa na mtu mmoja ambaye akihama mji ameondoka na siri yake. Isisahaulike pia kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na mabadiliko hayo yanapaswa kupelekwa TRA. Wengi hawafanyi hivyo, kisha siku ya kuuza wanashangaa mnunuzi anaporudi nyuma.

Umaarufu wa Toyota nao una gharama yake. Bidhaa inayouzika sana ndiyo inayoghushiwa sana. Filta ya oili, breki pedi na mkanda wa taimingi vya bandia vimejaa sokoni, na boksi lake hufanana na la kweli hadi herufi. Mwenye Land Rover hakuizoea shida hii kwa kiwango hicho. Kanuni inayofaa ni kutenganisha. Vitu vinavyochakaa na vyenye kushika uhai wa injini au wa watu vinunuliwe vipya, kwa muuzaji mwenye duka la kudumu anayetoa risiti, hata kama bei ni mara mbili. Vitu vizito kama gia boksi, difu, stata na jenereta, vile vya mtumba kutoka Japani au Dubai mara nyingi ni bora kuliko vipya vya bei poa. Kwa gari lililotoka Japani, anayekwenda dukani aende na namba ya chesisi na herufi za modeli zilizo kwenye kibati chini ya boneti, kwani Hilux mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na breki tofauti.

Linabaki swali la stoo. Karibu kila mtu wa aina hii ana kona yenye gia boksi la akiba, difu mbili, rejeta iliyozibwa na makopo ya bolti. Akiulizwa kwa nini hahami, anaonyesha kona hiyo na kusema hawezi kuitupa fedha yote ile. Fedha ile ilishatoka. Haitarudi kwa yeye kubaki, na wala haipotei kwa yeye kuhama. Kinachohesabika leo ni kile ambacho mali hiyo inaweza kuuzwa, pamoja na gharama za miaka inayokuja kwa kila upande. Anayebaki na gari bovu ili kuzitendea haki spea zake anaongeza hasara juu ya hasara.

Bei nzuri ya stoo hiyo haipatikani kwa kuuza kipande kimoja kimoja, kwani watu watachukua vilivyo bora na kumwachia makapi. Inapatikana kwa kuuza gari, spea, kitabu na spana za inchi kama furushi moja kwa mtu mwingine wa Land Rover, ambaye kwake vitu hivyo vina thamani kuliko kwa mtu yeyote. Watu hao wapo, na wanajuana. Kufuga chapa mbili uani "kwa tahadhari" ndiko kunakomaliza wengi, maana kila moja inadai spana zake na stoo yake, na zote mbili husubiri fundi mmoja.

Muda wa kuhama nao una maana. Wengi hununua gari mara tu baada ya kuuza mavuno, jambo ambalo ni la kawaida kwa kuwa ndipo fedha ilipo, lakini baadhi hungoja hadi mwezi mmoja kabla ya msimu unaofuata ndipo walipie. Gari geni lisiletwe shambani msimu ukibisha hodi. Lifike wakati kazi ni chache, lifunguliwe kwa makusudi kabla halijaharibika: breki zote 4, beringi za magurudumu, mkanda, filta, oili ya difu na gia boksi, kila bolti ikiguswa angalau mara moja ili mkono uizoee. Wiki mbili za namna hiyo zinafundisha kuliko mwaka wa kusubiri hitilafu. Na kati ya spana zote za inchi zitakazoondoka na gari la zamani, moja tu inaweza kuzuiwa bila kumdhulumu mnunuzi sana, ile ya 3/4, kwa sababu ni milimita 19.05 na inashika nati ya 19 kama iliyozaliwa nayo.